Kalemie: Nani Alilipia Majitaka

Kalemie imejengwa penye mlango pekee wa Ziwa Tanganyika. Mto Lukuga unaanzia hapo mjini, unachukua maji ya ziwa kwenda magharibi hadi Lualaba, na kwa njia hiyo hadi Mto Kongo na bahari ya Atlantiki. Mito na vijito vingi huingia ziwani kutoka Burundi, Tanzania, Zambia na Kongo yenyewe. Unaotoka ni huo mmoja. Hata huo hupitisha sehemu ndogo tu, kwa kuwa maji mengi ya ziwa hili hupotea kwa jua. Ziwa lenye kina cha mita 1,470, ambalo halina haraka ya kumwaga maji yake, hutunza kila linachopewa. Mji unaomwaga uchafu ufukweni jioni na kuteka maji ya kunywa ufukweni humo humo asubuhi unalijua jambo hili bila kufundishwa.

Kalemie haina mtandao wa mabomba ya majitaka. Kinachotoka vyooni hupokelewa na mashimo, na katika nyumba chache na karo la saruji ambalo wenyeji huliita fosi. Maji ya kufulia na kuoshea vyombo hupita uani, yakaingia mferejini, na mfereji huishia ziwani au mtoni. Hali hiyo ina historia yake, na historia hiyo ni ya fedha kuliko ya uhandisi. Kwa zaidi ya miaka mia moja kila mwenye mtaji aliyefika hapa alitafuta pesa za reli, za bandari, za mgodi, za kiwanda, na hatimaye za maji safi. Maji yaliyokwisha kutumika hayakuwahi kufunguliwa daftari.

Ufukwe wenyewe haukai mahali pamoja, na hilo lina uzito mkubwa katika habari hii. Mpelelezi Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika mdomoni mwa Lukuga mwaka 1874 akatangaza kwamba ziwa linatokea hapo. Henry Morton Stanley alipita mwaka 1876 akakuta matete na matope yameuziba mto, maji yamesimama. Muda mfupi baadaye ziwa, lililokuwa likipanda, lilivunja kizuizi hicho, na Joseph Thomson alipofika aliukuta mto ukienda kwa kasi. Wote watatu walisema walichokiona. Mstari wa maji ya Tanganyika hupanda na kushuka kwa mita kadhaa katika maisha ya vizazi viwili au vitatu, na ardhi tambarare inayoonekana leo kama kiwanja kizuri cha kujenga huenda jana ilikuwa ziwa.

Mji ulianza kama ngome. Tarehe 30 Desemba 1891 Kapteni Alphonse Jacques, aliyetumwa na chama cha Wabelgiji cha kupinga biashara ya watumwa, aliweka kituo kando ya ziwa akakiita Albertville, kwa jina la Mwanamfalme Albert. Mwaka uliofuata kituo kilizingirwa na watu wa Rumaliza, mfanyabiashara mkubwa wa Ujiji. Kituo cha askari wachache hakina shida ya majitaka. Msitu na ufukwe vilitosha.

Shida ilikuja na reli. Kampuni ya reli ya Kongo ya Juu na Maziwa Makuu, iliyojulikana kwa herufi CFL, iliundwa mwaka 1902 na kundi la Baron Édouard Empain. Njia yake ya kutoka Kabalo, urefu wa kilomita 273, ilifika ziwani mwaka 1915. Bandari ikajengwa mwisho wa reli, na meli zikaunganisha Albertville na Kigoma, ambako reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika mwaka mmoja kabla. Kituo cha askari kikageuka mji wa wapakiaji, mafundi, makarani na wachuuzi.

Inafaa kusimama kidogo kwenye fedha za reli hiyo. Dola ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji iliwadhamini wenye hisa wa CFL faida ya asilimia 4 juu ya mtaji wao. Mtu wa Brussels ambaye hakuwahi kuliona ziwa alikubali kuweka akiba yake kwenye reli ya mbali kwa sababu serikali iliahidi kumlipa hata kama mabehewa yangesafiri matupu. Kazi kubwa ya umma hujengwa hivyo: mkopo mrefu, mdhamini mwenye nguvu, na chanzo cha mapato cha kuurudisha. London ilijenga mabomba yake makuu ya majitaka kwa kanuni hiyo hiyo. Mwaka 1858, baada ya kiangazi ambacho Mto Thames ulinuka hadi wabunge wakashindwa kuvumilia, bodi ya jiji iliruhusiwa kukopa pauni milioni 3, hazina ya Uingereza ikaudhamini mkopo, na wakazi wakatozwa peni 3 kwa kila pauni ya thamani ya nyumba zao kwa miaka 40. Kwa hiyo mwaka 1902 njia ya kulipia mabomba ya majitaka ilikuwa inajulikana Ulaya kwa zaidi ya kizazi kizima. Albertville ilipata dhamana kwa ajili ya kusafirisha mizigo. Kwa ajili ya kuondoa uchafu wa watu waliobeba mizigo hiyo haikupata.

Mji wa wakati wa Wabelgiji ulikuwa mji wa makampuni. CFL ilikuwa na reli, bandari na meli. Upande wa magharibi, kwenye bonde la Lukuga, kulichimbwa makaa ya mawe huko Makala. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kiwanda cha Filtisaf kilianza kusokota na kufuma pamba. Kila mwajiri alijenga kambi ya watu wake, na kambi ilikuja na bomba lake la maji, zahanati yake na vyoo vyake vya pamoja. Gharama hizo ziliingizwa katika hesabu za kampuni kama matumizi ya kutunza nguvu kazi: mfanyakazi anayeharisha hapakii mizigo. Kwa muda wote ambao kampuni ilipata faida, vyoo vya kambi vilisafishwa. Mpango huo ulifanya kazi, ila haukuwa mali ya mji. Hakuna baraza wala ofisi ya mji iliyojifunza kukusanya pesa za majitaka, kwa kuwa waliohitaji huduma hiyo walihudumiwa na mwajiri.

Wasiokuwa na mwajiri mkubwa walikaa mji wa Waafrika, ambao sheria ya mwaka 1931 iliupa hadhi ya kituo kilicho nje ya mamlaka ya machifu, na ambao watu waliuita, na bado wanauita, site. Desturi ya miji ya Kongo ya Kibelgiji ilikuwa kuuweka mbali na mtaa wa Wazungu kwa ukanda mtupu wa ardhi, na sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Kwa maneno mengine, fedha za afya ya mji zilitumika kununua umbali. Ukanda mtupu haugharimu mabomba, haugharimu pampu wala fundi. Ulimkinga mkazi wa upande mmoja na ukamwacha wa upande wa pili na shimo lake, alilolichimba kwa mikono yake na kulilipia mwenyewe. Nyumba za Wazungu zilipata karo la saruji, kila moja lake, ndani ya kiwanja kipana chenye miti. Kwa msongamano mdogo namna hiyo karo linatosha, na ndiyo maana koloni haikusukumwa kujenga mabomba hata kwa ajili ya watu wake.

Maji safi yalipata njia tofauti. Mwishoni mwa mwaka 1939 koloni iliunda shirika la kugawa maji na umeme, Regideso, na Mpango wa Miaka Kumi wa 1949 hadi 1959 ukaweka fedha za umma katika miji. Maji ya bomba yana sifa ambayo mkopeshaji huipenda: hupita kwenye mita, mita husomwa, na bili hutumwa. Majitaka hayana mita. Lakini hesabu ya wahandisi haibadiliki: takribani asilimia 80 ya maji yanayoingia katika nyumba yenye bomba hutoka tena yakiwa machafu. Kila lita iliyoletwa na bomba jipya iliongeza sehemu nne kati ya tano za lita ya kuondolewa, na upande huo wa hesabu haukuandikwa. Huo ndio mzizi wa kasoro iliyokuja kudumu.

Uhuru wa mwaka 1960 ulikuta mpango huo, ukaurithi kama ulivyo, na mara moja ukaingia katika misukosuko. Waasi wa Simba waliuteka mji katikati ya mwaka 1964, na jeshi likaurudisha Agosti mwaka huo huo. Ziwa nalo lilipanda sana miaka hiyo ya mwanzo wa uhuru, likala maeneo ya chini. Jina la Albertville likaachwa, mji ukawa Kalemie. Mwaka 1974 reli zote za nchi, pamoja na ile ya CFL, ziliunganishwa katika shirika moja la taifa, na maamuzi ya kambi za reli za Kalemie yakaanza kufanyika Lubumbashi, mamia ya kilomita mbali.

Serikali ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, iligawa kazi ya maji na usafi kwa mashirika kadhaa. Regideso ilibaki na maji safi; umeme ukaenda kwa shirika la SNEL. Mwaka 1981 uliundwa mpango wa taifa wa usafi wa mazingira, PNA. Mwaka 1987 ikaundwa ofisi ya barabara na mifereji ya mijini, OVD, yenye jukumu la maji ya mvua. Ukiangalia orodha hiyo kwa makini, choo hakina mwenyewe. Regideso huishia kwenye mita ya maji. OVD huanzia kwenye mfereji wa barabarani. Kati ya mita na mfereji kuna nyumba, uani na shimo, na hapo ndipo uchafu unapozaliwa. PNA ilikuwa na jina la kulishika jambo hilo lakini haikupewa ada ya kutoza, na ofisi isiyotoza ada hutegemea bajeti ya Kinshasa. Bajeti hiyo ilikauka. Mwaka 1994 mfumuko wa bei wa nchi ulipita asilimia 9,000. Mshahara wa fundi wa serikali haukununua hata sabuni, na hakuna mkopeshaji wa miaka 20 au 30 anayekaribia nchi yenye fedha ya namna hiyo. Makampuni nayo yalidhoofika moja baada ya jingine. Filtisaf ilisimama, treni zikawa za kubahatisha, na vyoo vya kambi vikabaki mikononi mwa familia zilizokuwa zikiishi humo, bila gari la kuvitapisha na bila mwajiri wa kulipia.

Kipindupindu kilishafika upande huu wa ziwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na hakikuondoka tena. Watafiti waliofuatilia wagonjwa wa mashariki ya Kongo kati ya mwaka 2000 na 2005 walikuta kwamba ugonjwa ulipotulia kwingine kote, uliendelea kuwaka katika miji mitatu, Goma, Kalemie na Bukama, kisha ukasambaa upya kutoka huko. Yote mitatu iko kando ya maji. Kwa nchi nzima matokeo hayo yalikuwa na maana kubwa kifedha: mgonjwa anayetibiwa Kinshasa au Kasai huenda alianzia kwenye ufukwe ambao haukujengewa choo, na faranga inayotumika Kalemie inaweza kuokoa nyingi kwingineko. Mipango ya taifa ya kutokomeza kipindupindu, kuanzia ule wa 2008, ilijengwa juu ya wazo hilo.

Fedha zilizokuja baada ya hapo zilikuwa za kweli na zilifanya kazi. Fondation Veolia ya Ufaransa ilishirikiana na Regideso kukarabati na kupanua mabomba ya maji safi ya Kalemie, Shirika la Maendeleo la Ufaransa na Umoja wa Ulaya vikiwa miongoni mwa wafadhili wa kazi za aina hiyo kando ya ziwa. Madaktari Wasio na Mipaka walichanja watu mjini mwaka 2013 na 2014, na wakashughulikia maji pia. Mama aliyekuwa akisubiri wimbi litulie ndipo azamishe dumu lake la lita 20 ufukweni, alipata bomba la mtaani karibu na nyumbani. Hakuna anayeweza kuidharau hatua hiyo. Ila karibu fedha zote zilielekezwa kwenye maji yanayoingia. Kilichotengwa kwa ajili ya yanayotoka kilikuwa vyoo vya dharura: shimo fupi, bamba la plastiki, kuta za turubai. Vyoo hivyo hujengwa kwa bajeti ya miezi sita au mwaka, na mradi ukifungwa hakuna anayelipia kuvitapisha.

Wakati huo huo watu waliongezeka. Vita vya 1998 hadi 2003 vilileta wakimbizi wa ndani kutoka vijijini. Mgogoro wa Watwa na Waluba uliwaleta wengine kwa makundi makubwa kati ya 2016 na 2018, na makambi yakazunguka mji. Wengi walikaa. Mwaka 2015 jimbo la Katanga liligawanywa, Kalemie ikawa makao makuu ya jimbo la Tanganyika, na ofisi za serikali, mahakama na biashara zikavuta wengine tena. Mji ulipanda vilimani na kushuka hadi mchanga wa ufukweni, kiwanja kikagawanywa mara mbili, mara tatu.

Gharama halisi ya majitaka ya Kalemie huonekana vizuri zaidi katika kiwanja kimoja cha mtaa wa chini kama Kataki. Mchimbaji huanza asubuhi kwa jembe na koleo. Mita ya kwanza ni mchanga mkavu, kazi nyepesi. Katika mita ya pili mchanga hubadilika rangi, hushika unyevu, na kuta zinaanza kuporomoka miguuni mwake. Mwenye nyumba ambaye ana uwezo hununua tofali na saruji. Asiye nao hutafuta mapipa ya chuma yaliyotobolewa kitako, yakashushwa moja juu ya jingine yashike mchanga. Kabla ya kufika kina alichokusudia, maji hujitokeza chini, safi kabisa kwa macho, na ndiyo yale yale yanayoingia katika kisima cha jirani hatua chache kutoka hapo. Mchimbaji husimama hapo kwa kuwa hawezi kuendelea. Shimo la namna hiyo hujaa haraka. Likijaa hufukiwa kwa mchanga na takataka, choo kikahamishiwa pembeni, au hutapishwa usiku kwa ndoo na watu wanaoifanya kazi hiyo kimyakimya, bila glavu na bila heshima wanayostahili, na tope likamwagwa kwenye shimo jipya au kwenye mkondo wa maji ya mvua. Dar es Salaam watu hao wana jina, vyura, na wamejadiliwa na mamlaka hadi kupewa vifaa. Kila mji usio na mabomba unao.

Hesabu ya mtaa mzima ikijumlishwa, familia za Kalemie zinalipa fedha nyingi kwa majitaka: mchimbaji, mapipa, saruji, mtapishaji, kisha dawa za kuhara kwa mtoto. Malipo hayo hufanyika taslimu, mara moja, na kila nyumba kivyake, kwa hiyo hayawezi kukopewa. Benki haiwezi kuyaona. Mtandao wa mabomba, au hata kituo cha kupokea tope, huhitaji malipo hayo hayo yakusanywe kidogo kidogo kila mwezi na ofisi moja inayojulikana.

Miji mingine ya ukanda huu imeijaribu njia hiyo kwa namna mbalimbali. Bujumbura, kwenye ziwa hili hili, ina mabwawa ya kusafishia majitaka huko Buterere, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani. Mwanza, mji wa mawe na vilima, ilipata mikopo ya Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na ya Ufaransa, na sehemu yake ikatumika kulaza mabomba membamba ya majitaka katika mitaa ya mlimani ambako gari la kunyonya choo haliwezi kupanda. Mamlaka ya maji ya mji ndiyo inayoyaendesha na kuyatoza. Kampala ilifungua kituo cha Lubigi mwaka 2014, kinachoweza kupokea kwa siku mita za ujazo 5,000 za majitaka ya mabombani na mita za ujazo 400 za tope linaloletwa na magari. Dar es Salaam iliwahi kuwa na idara ya majitaka iliyojitenga na ya maji, na idara hiyo ikadhoofika kwa kukosa mapato. Mwaka 1997 ziliunganishwa katika DAWASA, majitaka yakaingia kwenye bili ya maji. Katika Mwanza, Kampala na Dar es Salaam kuna ofisi moja kwa kila mji inayotuma bili, na mkopeshaji akija anajua mlango wa kubisha.

Lubigi, inayopokea pia tope la magari, ina somo la pekee kwa Kalemie. Bomba la majitaka husukumwa na maji. Choo kisichomwagiwa maji mengi hakiwezi kuunganishwa nalo, kwa kuwa uchafu hukauka ndani ya bomba na kuliziba. Katika mji ambao familia nyingi hubeba maji kichwani, mtandao kamili ungekuwa mabomba ya bei ghali yaliyolazwa makavu. Kinachowezekana mapema ni gari la kunyonya, njia ya kulifikisha mtaani, na mahali pa halali pa kumwaga: vitanda vya kukaushia tope na mabwawa ya kusafishia maji yake, mbali na ziwa. Kitu cha tatu ndicho kinachokosekana mara nyingi. Dereva asiye na mahali pa kumwaga humwaga anapopata, na hapo fedha za gari zinakuwa zimehamisha ugonjwa kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine.

Fedha za maendeleo ya miji zilipoanza kurudi Kongo, mgawanyo wa zamani ulijirudia. Mradi wa Benki ya Dunia wa maji safi mijini, ulioanza 2008, ulichagua Kinshasa, Lubumbashi na Matadi. Ule wa maendeleo ya miji wa 2013, wenye dola milioni 100, uliiweka Kalemie katika orodha yake pamoja na Bukavu, Kikwit, Kindu, Matadi na Mbandaka, nao ulielekea zaidi kwenye barabara na mifereji ya pembeni yake. Mfereji wa saruji ni kitu chema mvua ya Novemba inapoteremka kutoka vilimani. Lakini mfereji ulio wazi, katika mtaa usio na njia nyingine, hupokea pia maji ya kufulia, maji ya karo lililofurika, na usiku hata tope la choo. OVD hujengewa mfereji wa mvua, mji hupata mfereji wa majitaka usio na kifuniko, na unaishia ziwani.

Sheria zimekwenda mbele ya fedha. Katiba ya 2006 iliyapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayotokana nayo, na majimbo yamekuwa yakipokea pungufu ya hiyo tangu mwanzo. Sheria ya mazingira ya 2011 iliweka kanuni kwamba anayechafua ndiye anayelipa. Sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 ilifungua sekta na kuyapa majimbo na miji nafasi katika huduma ya maji. Kwa upande wa ziwa, nchi nne zilitia saini mkataba wa usimamizi endelevu wa Ziwa Tanganyika mwaka 2003, na mamlaka ya ziwa ikaanza kazi Bujumbura miaka michache baadaye. Umoja wa Ulaya uligharimia mradi wa LATAWAMA, ulioendeshwa na shirika la Ubelgiji la Enabel pamoja na mamlaka hiyo, ukilenga majitaka na taka ngumu za miji ya kando ya ziwa. Majitaka yalitajwa kwa jina lao katika bajeti ya ziwa zima. Fedha zenyewe, zilipogawanywa kwa nchi na miji, zilikuwa za majaribio. Za ujenzi zinahitaji mkopaji, na mkopaji anahitaji bili.

Ziwa halikungoja. Kuanzia mwaka 2020 lilipanda, na 2021 likaingia mitaa ya chini ya Kalemie; mwaka 2024 lilipanda tena. Maji yalipofika kwenye mashimo ya vyoo hayakuingia kwa juu pekee. Yalipanda kwa chini, kupitia mchanga ule ule uliomsimamisha mchimbaji, yakanyanyua kilichokuwa ndani na kukisambaza uani, mabombani mwa mtaa na visimani. Familia nyingi ziliondoka. Nyingine zilihamia kwenye miteremko ya juu, ambako kuna mwamba, na shimo la choo huchimbwa kwa nyundo na tindo siku kadhaa badala ya asubuhi moja. Zilizobaki chini zilisubiri maji yashuke, kisha zikatafuta mahali pakavu pa kuchimba upya. Viwanja hivyo vingi vimekwisha kuchimbwa mara mbili au tatu, na kati ya nyumba, jiko na mpaka wa jirani hakuna tena nafasi ya shimo lingine.